Mgeni wa siku ya tatu: Wanubi wa Kisii na swali la 'kwenu ni wapi?'

Ilikuwa siku ya soko la Daraja Mbili, nami nilikuwa ndani ya matatu kutoka Nyamira kuelekea mjini Kisii. Gari lilikuwa limejaa kama kawaida ya siku za soko: mikungu ya ndizi juu, kuku chini ya kiti, na watu wanne kwenye kiti cha watatu. Kando yangu aliketi msichana aliyejitanda mtandio, akizungumza kwa simu. Alikuwa akiongea Ekegusii, tena Ekegusii safi kuliko hiki changu cha mtu aliyekaa Nairobi muda mrefu. Alipokata simu, mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka na kumuuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Ni hapa Kisii, tata."

"Kisii wapi?"

"Mjini. Nubia."

"La, hapo ni mnapokaa. Nauliza kwenu kabisa."

Msichana akacheka kidogo. "Tata, mimi nimezaliwa hapo. Babangu alizaliwa hapo. Babu amezikwa hapo."

"Haya basi," mzee akasema. "Lakini nyinyi mlitoka mbali."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na mzee mwenyewe alipofika kushuka alimwachia msichana ndizi mbili. Lakini mazungumzo hayo yamenikaa kichwani, kwa sababu mzee aliuliza kwa kauli tatu fupi swali ambalo Wanubi wa Kenya wameulizwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na machifu, makarani na maafisa wa serikali. Leo naomba tulitazame swali hilo kwa jicho la lugha.

Tuanze na sarufi. Kila aliyesoma Kiswahili shuleni anakumbuka ngeli ya mahali ina viambishi vitatu. PA ni mahali dhahiri, panapoonyeka kwa kidole. KU ni mahali pasipo dhahiri, eneo la jumla. MU ni ndani. Sasa sikiliza tena maneno ya mzee: "hapo ni mnapokaa", kisha "kwenu kabisa". Mtaa wa Nubia, wenye nyumba na makaburi ya watu, aliupa PA. Lakini KU, ile ya 'kwetu' na 'kwenu', ambayo kwa Mkenya wa kawaida ndiyo asili, ardhi na haki ya kuzikwa, hakumpa. Mtu amekubaliwa kukaa mahali dhahiri, akanyimwa mahali pa jumla. Akiulizwa 'kwenu', anatakiwa ataje sehemu ambayo yeye, babake na pengine babu yake hawajawahi kuitia machoni.

Ekegusii kina neno linaloeleza hali hii vizuri zaidi. Ni 'omomenyi', wingi wake 'abamenyi', na linatokana na kitenzi 'okomenya', yaani kuishi au kukaa mahali. Kwa maana ya juu juu omomenyi ni mkaaji tu. Lakini katika mazungumzo ya ukoo na ardhi, omomenyi ni yule aliyepokelewa katika eneo la ukoo usio wake. Anakaa, analima, anaoa na kuozesha, ila ardhi si ya jadi yake. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Gusii katika miaka ya 1940, aliwaandika abamenyi kama sehemu ya kawaida ya maisha ya koo. Kwa hiyo tangu zamani jamii yetu imejua kuwapokea watu kutoka kwingine. Tatizo ni kwamba neno lenyewe halisemi ukaaji huo unageuka lini kuwa uenyeji.

Kiswahili, kwa upande wake, kimesema. Sote tunaijua methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kumkejeli mgeni aliyechoshwa na wenyeji wake. Mimi naisoma vingine. Jembe ni kifaa cha mwenye nyumba. Ukimpa mtu jembe umemwambia: mgeni si wewe tena, sasa njoo tulime pamoja na tule pamoja. Methali inaupa ugeni mwisho. Hata neno 'mwenyeji' ukilivunja ni mwenye mji. Swali langu basi ni hili: Mnubi wa Kisii, ambaye jamii yake ilipewa jembe na kabla ya jembe ikapewa bunduki, siku yake ya tatu itafika lini?

Maana historia yao inajulikana. Mwaka 1891, Frederick Lugard, akiwa katika kazi ya ukoloni wa Uingereza, alikwenda hadi Kavalli karibu na Ziwa Albert akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko baada ya utawala wa Emin Pasha kuvunjika. Askari hao na wenzao walitumika kuiteka na kuilinda Uganda, na baadaye wengi wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Walipostaafu, serikali ya kikoloni haikuwarudisha walikotoka. Iliwaweka kwenye ardhi karibu na ngome na boma zake: Kibera, Kibos karibu na Kisumu, Mumias, Eldama Ravine, na hapa Kisii. Waliambiwa wakae. Hati za ardhi hawakupewa.

Jina lenyewe 'Wanubi' ni kisa cha lugha. Wanubi wa mto Nile, wale wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, wana lugha zao za kale, ambazo si Kiarabu. Askari wa Lugard walitoka katika makabila mengi, hasa ya milima ya Nuba na ya eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, na lugha iliyowaunganisha kambini ilikuwa Kiarabu kilichorahisishwa. Watoto wao walipoanza kukizungumza kama lugha ya mama, ikazaliwa lugha mpya, Kinubi, ambayo wanaisimu huiita krioli. Bernd Heine aliandika kitabu kizima juu ya Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens akaandika kuhusu kile cha Uganda mwaka 2005. Kwa Kinubi, 'ana' ni mimi, 'ita' ni wewe, na 'moyo' ni maji. Mswahili akisikia Mnubi anaomba moyo asishtuke, kama ambavyo hapaswi kushtuka akimsikia mtoto wa Kisii akimwita mamake 'baba', kwa maana ndivyo Ekegusii kinavyosema. Jina Kibera lenyewe ni la Kinubi: 'kibra', msitu.

Hapa ndipo penye ukweli ambao yule mzee kwenye matatu hakuujua. Kinubi, kama kinavyozungumzwa leo, hakina 'kwao' kwingine. Kilikulia katika kambi na mitaa ya Uganda na Kenya. Ukimwambia Mnubi arudi kwao, lugha yake mwenyewe itamrudisha Bombo, Kibera, au hapa hapa Kisii.

Serikali ya kikoloni haikujua pa kuwaweka watu hawa katika daftari zake. Iliwaita wenyeji waliopoteza kabila, na sera yake nzima ya ardhi ilikuwa kwamba kila kabila lina hifadhi yake. Asiye na kabila hana hifadhi, na asiye na hifadhi anakaa kwa hisani. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mfumo huo ulirithiwa. Tukaanza kuimba 'makabila 42', na Wanubi hawakuwa kwenye wimbo. Katika sensa walitiwa kwenye fungu la 'wengineo', hadi sensa ya 2009 ilipowapa nambari yao. 'Wengineo' ni neno dogo, lakini fikiria kuishi nchini mwako miaka hamsini kama kiambishi tamati cha orodha ya wenzako.

Sasa tuje kwenye neno ambalo sisi wa magazeti tumelieneza. Mtu anapochunguzwa kabla ya kupewa wadhifa, tunaandika kwamba 'amepigwa msasa'. Msasa ni mti ambao majani yake yana makwaruzo. Mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao, na karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina hilo. Kwa waziri mteule, kupigwa msasa ni heshima, anang'arishwa. Lakini neno hilo hilo limetumika kwa vijana wa jamii fulani wanaoomba kitambulisho. Kijana wa kawaida wa Nyamira akitimiza miaka 18 huenda na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, anachukuliwa alama za vidole, anasubiri. Kijana wa Kinubi alihitaji zaidi ya hayo. Alipelekwa mbele ya jopo la wazee na maafisa, akaulizwa habari za mababu, akatakiwa nyaraka ambazo hata mimi na wewe hatuna.

Nililiona hili kwa macho yangu. Tulimaliza kidato cha nne pamoja na rafiki yangu wa mtaa wa Nubia. Tulikwenda siku moja, ofisi moja, kuomba vitambulisho. Changu nilikipata baada ya wiki kadhaa. Yeye aliambiwa alete kitambulisho cha babu. Alipokileta akaambiwa arudi siku ya kupigwa msasa. Siku hiyo ilipofika, jopo halikukaa. Mimi nilijiunga na chuo, nikafungua akaunti ya benki, nikapiga kura yangu ya kwanza. Yeye alikuwa bado anafuatilia karatasi, na kila polisi aliyemsimamisha barabarani usiku alikuwa na haki ya kumuuliza yeye ni nani. Nilimwuliza wakati fulani anajisikiaje. Akaniambia, "Ndugu yangu, msasa ni wa mbao. Mimi nimeshakwaruzwa mpaka nimekwisha."

Haya si ya Kenya pekee. Barani Ulaya kuna jamii ya Waroma, wanaokadiriwa kuwa watu milioni 10 hadi 12, ambao kisa chao kinafanana na hiki kwa namna ya kushangaza. Walifika Ulaya karne nyingi zilizopita, na wenyeji wakadhani wametoka Misri. Kwa Kiingereza wakaitwa jina linalotokana na neno Misri, 'Gypsy', na jina hilo likageuka kuwa tusi la wizi na uzururaji. Ni lugha iliyokuja kuwatetea: katika karne ya 18 wanaisimu walilinganisha Kiromani na lugha za India, wakagundua kwamba asili yake ni kaskazini mwa India, jamaa moja na Kihindi. Hata hivyo, ugunduzi huo haukuwaokoa na ubaguzi. Chini ya utawala wa Manazi waliuawa kwa malaki. Mwaka 1971, katika kongamano lao la kwanza la kimataifa karibu na London, walilikataa jina la kupachikwa na kudai waitwe Waroma. Na mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Jamhuri ya Cheki iliwabagua watoto wa Kiroma kwa kuwarundika katika shule za watoto wenye ulemavu wa akili.

Nimewataja Waroma kwa sababu ya neno hilo Misri. Waroma walisingiziwa Misri. Wanubi wamebeba jina la nchi inayopakana na Misri ambayo wengi wao hawakutoka. Na sisi Abagusii je? Mwulize mzee yeyote wa kijijini asili yetu. Atakwambia tulitoka Misri, tukapita mlima Elgon, tukakaa Yimbo kando ya ziwa, tukavuka nyanda za Kano, ndipo tukapanda milimani. William Ochieng' aliyakusanya masimulizi ya aina hii katika kitabu chake cha historia ya Abagusii cha mwaka 1974. Hata mji wetu mkuu, wenyeji huuita Bosongo, na inaaminika jina hilo limetokana na 'abasongo', Wazungu. Yaani tunasafiri kwenda mji ulioitwa kwa jina la wageni, tukiwa na hadithi ya kutoka Misri, halafu ndani ya matatu tunamwambia msichana aliyezaliwa humo kwamba yeye ndiye aliyetoka mbali!

Na kama kuna watu wanaopaswa kuijua sumu ya neno 'kwenu', ni sisi. Baada ya uchaguzi wa 2007, Abagusii wengi walifurushwa kutoka sehemu za Bonde la Ufa walikokuwa wamenunua ardhi na kuishi kwa miaka. Mpakani mwa Borabu na Sotik, upande wa Nyamira, nyumba zilichomwa. Waliofurushwa waliambiwa waende kwao. Waliitwa madoadoa, kana kwamba ardhi ni shuka na wao ni uchafu wa kufuliwa. Neno hilo lilikuwa miongoni mwa yale ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaorodhesha mwaka 2022 kama lugha ya chuki, pamoja na 'kwekwe', 'mende' na 'wakuja'. Ukiyatazama maneno hayo utaona yote yana kazi moja: kumwondoa mtu kwenye ngeli ya kwanza, ya A-WA, na kumfanya kitu cha kung'olewa au kupuliziwa dawa. (Mende kisarufi yumo kwenye A-WA, lakini hakuna anayemwuliza mende kwao ni wapi.)

Je, kuna kilichofanyika? Kipo. Katiba ya 2010 inapiga marufuku ubaguzi katika kifungu cha 27, na kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuyainua makundi ya wachache na waliotengwa. Machi 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Maslahi ya Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia mpaka watimize miaka 18. Mwaka 2015, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua kwamba jamii hiyo ilibaguliwa kuhusu vitambulisho na kuhusu ardhi. Juni 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ekari 288, sehemu ndogo ya zaidi ya ekari 4,000 walizotengewa wakati wa ukoloni. Shirika la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu kuhusu Huduma Namba, na Januari 2020 mahakama ikaamua mpango huo usiendelee bila sheria ya kutosha ya kulinda data. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba upigaji msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho unakomeshwa.

Hizo ni hatua, na waliozipigania wanastahili heshima. Lakini tangazo la rais husomwa na karani wa lokesheni, na karani huyo amekulia katika lugha ile ile ya yule mzee wa ndizi mbili. Sheria inaweza kuondoa jopo mezani. Haiwezi kuliondoa neno 'kabisa' kwenye swali la 'kwenu kabisa ni wapi'. Hiyo ni kazi yetu sisi watumiaji wa lugha.

Naanza na sisi waandishi. Tuache kuandika kwamba kijana anayeomba haki yake ya uraia 'anapigwa msasa'. Tuseme wazi kwamba anahojiwa asili yake, ili msomaji aone uzito wa jambo lenyewe. Tuache pia 'makabila 42', hesabu ambayo haina faida ila kumwacha mtu nje. Mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wamakonde kuwa kabila la 43 na Wakenya wa asili ya Asia kuwa la 44, na 2023 ikawatambua Wapemba. Mtu asingojee nambari ndiyo awe Mkenya.

Walimu wa Kisii na Nyamira nao wana nafasi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya zote, na Kinubi ni mojawapo. Mwalimu anayefundisha fasihi simulizi mjini Kisii ana wanafunzi ambao nyanya zao wanajua ngano za Kinubi, nyimbo za doluka, na ufundi wa kusuka tabaga, zile sinia za rangi za kufunikia chakula. Wapewe kazi ya kuzikusanya kama tunavyowapa wengine kazi ya kukusanya emegano, ngano zetu za Ekegusii. Mtoto akisikia ngano ya nyanyake ikisomwa darasani, mwenzake aliye kando yake hatakuwa na haja ya kumuuliza kwao ni wapi, maana atakuwa amekusikia.

Na kwa yule mzee wa matatu, ambaye ni babu yangu na yako, sina lawama. Siku nyingine nikimsikia akiuliza, sitacheka. Nitamkumbusha kwa adabu methali anayoijua kuliko mimi, kisha nimwulize: tata, huyu tulimpa jembe mwaka gani?